Baridi ya Nchi ya Joto: Mwongozo kwa Wafugaji wa Lodwar na Kakuma

Ukimweleza mtu wa Limuru au wa Njombe kwamba katika nchi ya Turkana mbuzi hufa kwa baridi, yamkini ataona ajabu, maana Lodwar, uliojengwa kando ya mto Turkwel takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, ni mji ambao joto lake la mchana aghalabu hufika nyuzi 35 za Selsiasi, la usiku halishuki sana chini ya nyuzi 24, na mvua yake ya mwaka mzima, ukichukua wastani, ni milimita 200 hivi. Hata hivyo kila mchungaji aliyelisha mifugo baina ya mito ya Turkwel na Tarach anaijua asubuhi ile ya baada ya mvua kubwa ya kwanza, mvua iliyosubiriwa kwa dua muda wa kiangazi chote, ambapo watu hutoka majumbani wakawakuta mbuzi na kondoo wamelala zizini viungo vimekakamaa, wale wale waliostahimili njaa miezi mingi wakauawa na neema iliyokuja kuwaokoa. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mfugaji huyo, na kwa ajili ya yule mkazi wa Kakuma, awe mwenyeji au mkimbizi wa kambi iliyofunguliwa mwaka 1992, ambaye mali yake yote yenye uhai ni mbuzi wawili watatu na kuku nyuma ya nyumba ya mabati. Neno nililo nalo la kuwaambia ni moja: baridi ya Turkana haijulikani kwa kipimajoto peke yake, kwa kuwa ni mkutano wa maji, upepo na njaa, na katika hayo matatu, upepo na njaa vyaweza kufanyiwa tadbiri kabla wingu halijatanda.

Yapasa kwanza kufahamu jinsi mwili unavyojitunza. Mamalia na ndege wameumbwa na harara ya ndani isiyobadilika sana: mbuzi na kondoo wenye siha huwa baina ya nyuzi 38.5 na 40, ng'ombe baina ya 38 na 39, punda karibu na 37, na kuku 41 na zaidi. Harara hiyo hutokana na chakula kinachounguzwa mwilini, na kazi ya misuli, ambayo kutetemeka ni namna yake mojawapo, na kwa wanyama wanaocheua hutokana pia na tumbo kubwa, ambamo viumbe wadogo wasioonekana kwa macho huchachua majani usiku na mchana na kutoa joto jingi katika kuyachachua. Kwa upande wa pili mwili hupoteza joto kwa kugusana na hewa au ardhi iliyo baridi kuliko ngozi, kwa mionzi inayokwenda angani, na kwa maji yanayogeuka mvuke, kwani gramu 1 tu ya maji ikivukiza ngozini huondoka na kalori 580 hivi. Mizani ikianza kuelemea upande wa hasara, mnyama husimamisha manyoya ili hewa ikae baina yake, hubana mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, hukunja mgongo, huwasogelea wenzake. Yote hayo yasipotosha hutetemeka, na kutetemeka hula akiba ya mafuta na ya nyama kwa kasi ambayo mnyama aliyekonda hawezi kuilipa usiku kucha.

Katika nchi ya jua kali maumbile yamejishughulisha zaidi na kulitoa joto kuliko kulihifadhi. Mtaalamu Knut Schmidt-Nielsen, aliyewachunguza ngamia katika jangwa la Sahara nchini Algeria miaka ya 1953 na 1954, alikuta kwamba ngamia asiyepewa maji huiacha harara yake ishuke alfajiri hadi nyuzi 34 na kitu, kisha huiacha ipande alasiri hata ikapita nyuzi 40, na kwa njia hiyo hana haja ya kumwaga jasho ili kuondoa joto ambalo ubaridi wa usiku utaliondoa bila gharama. Mafuta yake ameyakusanya nunduni, kama kondoo wetu anavyoyakusanya nyuma kwenye mkia, ili mwili uliobaki usifunikwe na tabaka la kuzuia joto lisitoke. Mbuzi mdogo wa Turkana naye ana manyoya mafupi, kiwiliwili chembamba na miguu mirefu, na kwa sababu ya udogo wake ngozi yake ni kubwa ikilinganishwa na uzito wake, basi joto hupata mlango mpana wa kutokea. Hii ni hikima kubwa, wala simshauri mtu kuibadilisha kwa kuleta mbuzi wenye manyoya marefu kutoka nyanda za juu. Ila yafaa mfugaji ajue kwamba mnyama aliyeumbwa kutoa joto upesi hulitoa upesi hata siku ile anayolihitaji.

Sasa sikiliza hesabu ambayo, kwa maoni yangu, kila mfugaji wa nchi kame angepaswa kuihifadhi moyoni. Kila mnyama ana kiwango cha joto la hewa ambacho, likishuka chini yake, mwili hulazimika kuunguza akiba kwa ajili ya kujipasha tu. Wataalamu wa Uskoti wakiongozwa na Kenneth Blaxter walikipima kiwango hicho kwa kondoo walionyolewa, manyoya yakabaki milimita 5 tu, nao wakawekwa katika hewa tulivu na kavu: kondoo aliyelishwa sana alianza kuona baridi hewa iliposhuka chini ya nyuzi 18, aliyepewa chakula cha kumzuia tu asikonde, chini ya nyuzi 25, na aliyenyimwa chakula kabisa, chini ya nyuzi 31. Tafakari maana yake kwetu, ambako manyoya ya mifugo si marefu kuliko hayo kwa kiasi cha kujivunia. Usiku wa nyuzi 24 wa Lodwar, ambao mwanadamu hulala nje juu ya ngozi bila shuka, ni usiku wa baridi kwa kondoo mwenye njaa hata kabla tone la kwanza halijaanguka. Tone likianguka mambo huwa mabaya zaidi, kwa kuwa maji hupitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa, na manyoya yaliyolowa huwa yamefukuza hewa yote iliyokuwa imenaswa ndani yake. Halafu upepo ukipita juu ya ngozi hiyo yenye maji, huyageuza mvuke na kuichukua ile harara ya mwisho. Baada ya ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020 na kukosesha misimu mitano mfululizo mvua ya kutosha, mifugo iliyobaki hai ilikuwa haina mafuta mgongoni wala majani tumboni, na mifugo ya hali hiyo huhesabiwa kuwa wagonjwa kabla ya kuugua.

Kwa hiyo anza na upepo. Mwaka 1982 Kinuthia na Asnani, wataalamu wa hali ya hewa, waliandika habari za mkondo wa upepo wenye nguvu upitao katika bonde lililo baina ya nyanda za juu za Ethiopia na nyanda za juu za Kenya, upepo wa kusini-mashariki ambao hukaza mwendo usiku na kufikia nguvu zake nyingi karibu na mapambazuko, saa zile zile ambazo mnyama amemaliza joto la chakula cha jana. Wenyeji waliujua upepo huo karne nyingi kabla ya kuandikwa, na jengo la awi, yaani boma la Kiturkana, lenyewe laonyesha hivyo. Ukijenga zizi, basi, ukuta wake wa kusini-mashariki uwe mnene kuliko kuta nyingine zote na uzidi kimo cha mgongo wa mbuzi mkubwa, mlango uelekee upande mwingine, na ndani ya miiba ya mgunga au ya mathenge upachike majani ya mkoma yaliyosukwa, magunia ya zamani au mabati chakavu, kwa sababu boma la miiba mitupu humzuia fisi lakini upepo hupita ndani yake kama kwamba hakuna kitu. Usilizibe zizi pande zote kwa kuogopa baridi. Mkojo na pumzi za wanyama wengi mahali pasipo na hewa huchoma mapafu, nayo mapafu ndiyo utakayoyahitaji yawe salama juma litakalofuata. Dhoruba nyingine huja kutoka upande usiozoeleka, na kwa ajili hiyo ni busara kuweka akiba ya majani ya mkoma au turubai moja liwezalo kuhamishwa kwa haraka.

Mahali pa zizi napo panataka kuangaliwa. Jua linapochoma, mchanga wa laga, yaani wa mto mkavu wa msimu, huvutia kwa ulaini na kwa kivuli cha mikoma na migunga, lakini laga hujaa maji yaliyonyesha milimani usikokuona wewe, na hata kusipojaa, bonde ndimo hewa nzito ya baridi hutulia na ndimo matope hubaki. Kilele kitupu cha kilima nacho hakifai, maana ndiko upepo unakotawala. Chagua mteremko mdogo wenye changarawe, chimba mfereji kwa juu ili maji yapite pembeni, na sakafu uitandaze majani makavu au samadi kavu iliyopondwa, kwani mnyama akilala juu ya matope joto humtoka kwa tumbo, sehemu ambayo manyoya yake ni haba kuliko zote.

Katika jambo hili pimbi ni mwalimu. Pimbi wa miamba, mnyama asiyeweza kuidhibiti harara yake kwa uthabiti kama mbuzi, huishi katika miamba ya kaskazini mwa Kenya yenye joto, na huishi pia katika Bonde la Teleki juu ya Mlima Kenya, mita 4,000 na zaidi, ambako usiku maji huganda. Kule amevaa manyoya mazito zaidi, lakini desturi ni ile ile pande zote mbili, yaani kulala wamebanana ndani ya ufa usiopitisha upepo, na asubuhi kutoka nje kuota jua kabla ya kwenda kula. Waache mbuzi wako wabanane, ila watoto wawe na kichumba chao, kwani katika kundi lililoingiwa na hofu ya radi wadogo hukanyagwa. Na asubuhi ya baada ya mvua usiwaharakishe malishoni. Waache wasimame juani hadi wakauke. Mnyama mweusi hufaidi jua hilo zaidi ya mweupe, na hayo si maneno matupu: Virginia Finch na David Western walionyesha mwaka 1977 kwamba katika makundi ya wafugaji wa Kenya ng'ombe wa rangi nyepesi huwa wengi kadiri nchi inavyozidi joto, na weusi huwa wengi kule kwenye ubaridi.

Sasa nije kwenye njaa, ambayo ndiyo kiini cha maneno yangu. Tumbo la mnyama anayecheua ni jiko, na jiko lisilotiwa kuni jioni haliwi na moto alfajiri. Majani makavu, vijiti na maganda ya mgunga, ambavyo huchachuka polepole, hutoa joto kwa saa nyingi, ilhali kitu laini hupita upesi. Basi mfugaji mwenye kuona mbali huanza matayarisho katikati ya kiangazi, siku ambazo mvua haifikiriwi kabisa: hukusanya maganda ya mgunga uitwao ewoi, ambayo Waturkana huyaita ng'itit, chini ya miti ya ekwar, yaani miti ya kando ya mto iliyo haki ya aila yake, huyahifadhi juu ya uchaga pakavu, na huyawekea nadhiri kwamba hayataliwa yote kabla ya mvua. Maganda ya mathenge nayo hufaa, yakiwa yamepondwa na kuchanganywa na malisho mengine, maana mbuzi alishwaye hayo peke yake kwa muda mrefu huharibika meno na taya. Mawingu yakianza kujikusanya, wape sehemu ya akiba hiyo jioni, kila jioni, wala usingoje hadi wamelowa. Najua kwamba nashauri jambo gumu kwa mtu ambaye watoto wake mwenyewe wana njaa na ambaye kila ganda ameshalihesabu. Lakini kibaba cha maganda jioni moja ya dhoruba huokoa mbuzi ambaye miezi 6 ya uangalizi imekwisha kumgharimia. Kama akiba ni ndogo, usiigawe sawasawa. Wape kwanza majike wenye mimba na wanaonyonyesha, kisha watoto walioachishwa maziwa, kisha kondoo waliopungua mkia. Beberu mnene atajitegemea.

Wachanga wana habari yao peke yao. Mwanambuzi huzaliwa amelowa, mwenye manyoya machache, na ndani ya mwili wake ana akiba ndogo ya mafuta ya rangi ya kahawia ambayo Mungu ameyaweka kwa kazi moja tu, kuungua na kutoa joto pasipo kutetemeka. Akiba hiyo hutosha saa chache, na isipofuatwa na maziwa ya dang'a mtoto hupoa na kufa, hata kama mvua haikunyesha. Mkaushe kwa gunia au kwa majani makavu mara tu mama yake anapomaliza kumlamba, mpeleke penye kinga, na uhakikishe amenyonya ndani ya saa 6 za kwanza. Ikiwa hana nguvu ya kusimama lakini anameza, kamua dang'a la mama yake, umpe mililita 50 kwa kila kilo ya uzito wake kwa mara moja, na urudie mara tatu au nne siku hiyo. Na kwa kuwa mimba ya mbuzi huchukua takriban siku 150, mwenye kumtenga beberu kwa wakati wake anaweza kuliepusha zizi lake na kuzaa kwingi katika majuma ya dhoruba za kwanza, akangojea majani yawe yameota na maziwa yamejaa.

Itakuwaje basi ikiwa tahadhari zote zimekushinda na mnyama amelala hawezi kuinuka? Mnyama aliyeshikwa na baridi kwanza hujikunyata, mgongo umepinda na manyoya yamesimama, akitetemeka. Usifurahi unapoona kutetemeka kumekoma ilhali bado amelowa, maana hiyo ni ishara ya kuishiwa. Tia kidole kinywani mwake: kinywa kikiwa baridi, harara ya ndani imeshuka. Kipimajoto cha kawaida cha duka la dawa, kikiingizwa taratibu katika njia ya haja kubwa, kitakuambia zaidi, na mbuzi aliyefika chini ya nyuzi 37 yumo hatarini. Mwondoe penye upepo, mwinue kutoka ardhini umlaze kifuani juu ya majani makavu au ngozi, msugue kwa magunia hadi akauke, kisha mpashe kiwiliwili kwa mitungi au chupa za maji ya moto ya kuvumilika mkononi, zilizofungwa kwa kitambaa ili zisimchome, ukiziweka kwapani na kifuani, wala si miguuni kwanza. Moto wa kuni nao husaidia ukikaa kando yake mahali penye hewa, lakini moshi ndani ya nyumba iliyofungwa humwongezea taabu. Usimnyweshe kitu chochote mnyama aliyelegea shingo, kwa sababu kinywaji kitaingia mapafuni. Akishaweza kuinua kichwa na kumeza, mpe maji vuguvugu yenye sukari na chumvi kidogo, kisha malisho makavu. Mwanambuzi aliyeishi zaidi ya saa 5 bila kunyonya na aliyepoa sana huwa amemaliza sukari ya damu, na kumpasha joto bila kumpatia sukari kwaweza kumletea degedege la kumwua. Huyo mwite mganga wa mifugo, kwa kuwa sukari yake hutolewa kwa sindano na mkono uliofundishwa.

Waliookoka waangaliwe kwa majuma mawili. Baridi hudhoofisha kinga ya mwili, na homa ya mapafu ya mbuzi, ile ambayo Waturkana huiita loukoi na ambayo kijidudu chake kilitengwa kwa mara ya kwanza hapa Kenya mwaka 1976, hupenda kuzuka baada ya mvua na msongamano. Kikohozi, kupumua kwa shida na harara iliyopita nyuzi 40.5 ni dalili za kumtenga mnyama siku ile ile. Kadhalika sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa Kenya kutokana na mlipuko wa Turkana wa mwaka 2006 na 2007, huonyesha makamasi, vidonda vya kinywa na kuhara, na mtu asiye mwangalifu huweza kudhani ni mafua ya baridi tu. Chanjo za maradhi hayo mawili hutaka muda kabla ya kuujengea mwili kinga, hivyo mahali pake ni kiangazini. Na kuogesha mifugo kwa dawa ya kupe kufanywe asubuhi ya jua, kamwe kusifanywe jioni yenye mawingu.

Ngamia hawana haja ya maneno mengi, isipokuwa ndama wao, ambao huteleza kwenye matope na kubaki wamelala kwenye maji. Punda, ambao manyoya yao huloa maji upesi, wapewe kinga kama ya mbuzi. Kuku wafunikwe kwa upande wa upepo tu, kitundu kiinuliwe kutoka ardhini, na vifaranga walale na mama yao. Lakini nawaomba sana wanaopandisha mifugo kuelekea milima ya Loima, inayozidi mita 2,000, wakumbuke kwamba kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto la hewa kwa takriban nyuzi 6, na kwamba kundi lililokonda likifikishwa huko siku ya mvua limeongezewa adui wa nne. Wapandishe kwa hatua, wakitua siku kadhaa njiani.

Kituo cha hali ya hewa kipo Lodwar, na redio za Lodwar na Kakuma husikika mbali. Ombi langu kwa wakuu wa kaunti na kwa watangazaji ni kwamba, kila mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu inapotabiriwa, itangazwe kwa Kiturkana siku tatu kabla, pamoja na habari za upepo, na kwa lugha hiyo hiyo watu waambiwe walishe jioni na kuziba zizi upande wa kusini-mashariki. Nawe msomaji, ikiwa katika kitongoji chako redio ni moja tu na ni yako, usikilizapo habari hiyo usilale kabla hujapita awi kwa awi kuwajulisha jirani zako.